Rais wa Marekani na nguvu za kuazima

Tarehe 20 Februari 2026 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura sita dhidi ya tatu, iliamua kwamba ushuru ambao Rais Donald Trump aliyatwisha karibu mataifa yote ya dunia kwa jina la dharura hauna msingi wa kisheria. Kabla jua halijatua Washington, vichwa vya habari vilikuwa vimeshatoa tafsiri: Rais amekatwa mbawa, Katiba imeshinda, taasisi za Marekani bado zina meno. Siku hiyo hiyo Trump alitia saini ushuru mpya wa asilimia 10 kwa bidhaa za dunia nzima, safari hii akitumia kifungu kingine cha sheria nyingine, na kesho yake akatangaza kwamba ataupandisha hadi 15. Aliyekatwa mbawa haruki namna hiyo.

Naona uamuzi ule umesomwa vibaya na pande zote mbili, walioshangilia na waliodharau. Mahakama haikupunguza mamlaka ya Rais yaliyomo kwenye Katiba, kwa sababu kwenye suala la ushuru Katiba haikumpa Rais chochote cha kupunguzwa. Ilichofanya ni kusoma sheria moja ya Bunge la Congress na kusema: humu ushuru haumo. Na Rais akafungua kabati lile lile akatoa sheria nyingine. Sehemu kubwa ya nguvu zinazotutisha tunapomtazama Rais wa Marekani ni za kuazima. Mwenye mali ni Congress, ambayo kwa zaidi ya miaka tisini imekuwa ikimkabidhi Rais kipande baada ya kipande cha kazi yake, na ambayo tangu mwaka 1983 haina njia nyepesi ya kudai chake. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hii ya Washington inasitiri vizuri tu, na mwenye nayo ndiye anayebaki uchi.

Tuanze na Katiba yenyewe, maana watu wengi huizungumzia bila kuifungua. Walioiandika mwaka 1787 waliweka Congress katika ibara ya kwanza, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote: kutoza kodi na ushuru, kukopa, kusimamia biashara na mataifa ya nje, kutangaza vita, kuunda jeshi na kuligharamia. Hakuna dola inayotoka hazina bila sheria ya matumizi. Rais anakuja katika ibara ya pili, na ibara hiyo ni fupi. Ni amiri jeshi mkuu. Anaweza kuwasamehe waliokosa dhidi ya serikali kuu. Anafunga mikataba, ila theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria wakubali. Anateua majaji, mabalozi na mawaziri, ila Seneti iridhie. Anapokea mabalozi wa nchi nyingine. Kwa ibara ya kwanza, anaweza pia kuupigia muswada kura ya turufu, na Congress ikitaka kumpita inahitaji theluthi mbili katika kila baraza. Juu ya hayo ameagizwa kuhakikisha sheria zinatekelezwa kwa uaminifu. Dharura haimo katika ibara yake. Kitu pekee kinachoikaribia, yaani kusimamisha haki ya mtuhumiwa kufikishwa mbele ya jaji wakati wa uasi au uvamizi, kimewekwa kwenye ibara ya Congress.

Sisi wa Afrika Mashariki tunapotea hapa kwa sababu tunampima Rais wa Marekani kwa marais tuliokua nao. Tumezoea tamko la barabarani: msafara unasimama sokoni, Rais anashika kipaza sauti juu ya gari, na kufika jioni mkuu wa wilaya anatekeleza. Kwa hiyo tukimwona Trump akiinua karatasi yenye saini nene mbele ya kamera, tunadhani saini ndiyo sheria. Ila amri za kiutendaji za Marekani huanza na sentensi ambayo watangazaji wengi huiruka. Inasema kwamba Rais anaagiza kwa mamlaka aliyopewa na Katiba na sheria za Marekani, ikiwemo sheria fulani na sheria fulani, kwa majina yake. Amri ya tarehe 2 Aprili 2025, ile iliyoziwekea Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi ushuru wa asilimia 10, ilitaja sheria ya mamlaka ya dharura za kiuchumi ya mwaka 1977, inayofupishwa IEEPA, na ile ya dharura za kitaifa ya mwaka 1976. Bila sentensi hiyo ya kwanza, karatasi ile ni maoni ya mtu mmoja.

Congress ilifikaje mahali pa kugawa kazi yake? Si kwa uzembe peke yake, na hapa wanaomtetea Rais wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Mwaka 1930 Congress ilipanga ushuru yenyewe, bidhaa kwa bidhaa, katika sheria ya Smoot-Hawley. Kila mbunge alitetea kiwanda na shamba la kwao, akampigia mwenzake kura ili naye apigiwe, na ushuru ukapanda kwenye maelfu ya bidhaa huku mdororo mkubwa wa uchumi ukianza. Mataifa mengine yakalipiza. Miaka minne baadaye, mwaka 1934, Congress ile ile ilimkabidhi Franklin Roosevelt ruhusa ya kupunguza ushuru hadi nusu kwa makubaliano na nchi nyingine, bila kurudi bungeni kwa kila mkataba. Ilikuwa busara. Watu 435 wa Baraza la Wawakilishi na maseneta mia hawawezi kukaa meza moja na Japani kujadili bei ya chuma. Baadaye ikaja sheria ya biashara ya 1962, ambayo kifungu chake cha 232 kinaruhusu ushuru kwa sababu za usalama wa taifa, na ile ya 1974 yenye vifungu vya 122 na 301. Kila moja ilikuwa na sababu yake siku ilipopitishwa, na hakuna iliyofikiriwa pamoja na nyingine.

IEEPA ilitungwa kwa nia ya kumbana Rais. Baada ya vita vya Vietnam na Watergate, kashfa iliyomng'oa Rais Richard Nixon, Congress iligundua kwamba nchi ilikuwa ikiishi chini ya hali za dharura za tangu enzi za Roosevelt ambazo hakuna aliyekumbuka kuzifuta. Ikaandika utaratibu: Rais atangaze dharura kwa maandishi, ataje sheria anayoitumia, na mabaraza mawili ya Congress yaweze kuifuta dharura hiyo kwa azimio lao wenyewe, pasipo saini ya Rais. Jimmy Carter ndiye aliyeanza kuitumia IEEPA, tarehe 14 Novemba 1979, alipozuia mali za Iran baada ya ubalozi wa Marekani mjini Tehran kutekwa. Dharura hiyo bado ipo. Kila Novemba Rais aliyepo anaiongeza mwaka mmoja, awe Republican au Democrat. Kwa karibu nusu karne sheria hiyo ilitumika kuzuia akaunti na kuwekea watu na nchi vikwazo, na hakuna Rais aliyetoza ushuru kwayo hadi Trump mwaka 2025. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba maneno mawili ndani ya sheria hiyo, kudhibiti na uingizaji, yaliyotenganishwa na maneno mengine 16, hayawezi kubeba mzigo wa kumpa mtu mmoja uwezo wa kutoza nchi yoyote, kwa kiwango chochote, kwa muda wowote. Majaji Neil Gorsuch na Amy Coney Barrett, wote wateule wa Trump, walikuwa upande wake.

Sasa twende kwenye kesi ambayo inaeleza mengi kuliko hii, na ambayo kwa bahati ya ajabu inaanzia kwetu. Jagdish Rai Chadha alizaliwa Kenya, wazazi wake wakiwa na asili ya India, naye akawa na pasipoti ya Uingereza. Mwaka 1966 alikwenda Marekani kwa viza ya mwanafunzi. Viza ilipoisha mwaka 1972 alijikuta hana pa kurudi; wanaokumbuka jinsi Waasia wa Afrika Mashariki walivyohangaika na pasipoti za Uingereza miaka ile hawahitaji maelezo. Jaji wa uhamiaji alimruhusu abaki mwaka 1974. Lakini sheria ya uhamiaji iliruhusu baraza lolote moja la Congress kutengua uamuzi kama huo, na Desemba 1975 Baraza la Wawakilishi lilichukua orodha ya watu 340 waliokuwa wameruhusiwa kubaki, likachomoa majina sita, la Chadha likiwemo, na kuamua wafukuzwe. Hapakuwa na mjadala wala kura ya kuhesabiwa.

Chadha alishtaki, na tarehe 23 Juni 1983 akashinda, saba kwa mbili. Mahakama ya Juu ilisema Congress haiwezi kutengua kitendo cha serikali kwa azimio lake peke yake. Ikitaka kubadilisha jambo, ipitishe sheria kamili: mabaraza yote mawili, kisha mezani kwa Rais, naye ana haki ya kuikataa. Kwa Chadha ilikuwa haki tupu, na sioni jinsi mtu mwenye moyo angeamua vingine juu yake. Ila Jaji Byron White, aliyepinga, alionya kwamba uamuzi ule umefyeka kwa mkupuo mmoja vifungu vya aina hiyo katika karibu sheria 200. Congress ilikuwa imemwazima Rais mamlaka kwa sharti la kuyarudisha ikiyadai. Mahakama ilifuta sharti na kuacha mkopo. Mwaka 1985 sheria ya dharura ikarekebishwa iendane na hukumu hiyo, na tangu hapo azimio la kufuta dharura ni lazima lipite kwa Rais yule yule aliyeitangaza.

Ndiyo maana hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu ni ile inayosema: kama Congress haipendi, si ifute? Inasemwa sana na mawakili wa serikali, na kwa juu juu ina mantiki. Mwaka 2019 Congress ilijaribu. Trump alitangaza dharura ili apate fedha za ukuta wa mpakani ambazo Congress ilikuwa imemnyima, na mabaraza yote mawili yakapiga kura kuifuta, baadhi ya Warepublican wakiwemo. Tarehe 15 Machi akapiga kura yake ya kwanza ya turufu. Baraza la Wawakilishi lilipojaribu kumpita lilipata kura 248 dhidi ya 181, wengi wa wazi kabisa, na wakashindwa kwa sababu theluthi mbili haikutimia. Yaani kumpa Rais mamlaka kunahitaji nusu ya kura na saini yake ya furaha, na kumnyang'anya kunahitaji theluthi mbili dhidi yake. Wakati kesi ya ushuru ikisikilizwa Novemba 2025, Gorsuch aliliuliza jambo hili waziwazi, akiona mamlaka yanakwenda upande mmoja tu, kutoka kwa wawakilishi wa wananchi kwenda kwa Rais, bila njia ya kurudi.

Hata hivyo nisiitetee sana Congress. Mahali ambapo mlango uko wazi, imekuwa ikiufunga yenyewe. Sheria ya dharura inawapa wabunge haki ya kulazimisha kura ya kufuta dharura baada ya siku kadhaa za kalenda, kamati itake isitake. Machi 2025 viongozi wa Baraza la Wawakilishi waliona kura ya kufuta dharura ya ushuru inawakaribia, wakaingiza ndani ya kanuni ya mjadala wa bajeti sentensi inayosema kwamba, kwa madhumuni ya kuhesabu siku za dharura hiyo, siku zilizobaki za kikao kile cha mwaka hazitahesabiwa kuwa siku za kalenda. Jua lilichomoza na kuzama kama kawaida, ila bungeni haikuwa siku. Hakuna Rais aliyewalazimisha. Waliogopa kupiga kura ambayo ingemuudhi Rais au kuwaudhi wapiga kura, na njia ya kukwepa yote mawili ni kusimamisha kalenda.

Wapo wanaosema upande wa pili: achana na vifungu, huyu ni mfalme aliyechaguliwa, Katiba ni karatasi. Hoja hii inatiwa nguvu na mambo ya kweli. Msamaha ni wa Rais peke yake, na siku aliyoapishwa, 20 Januari 2025, Trump aliutumia kwa watu wapatao 1,500 wa vurugu za Januari 6, 2021, pale wafuasi wake walipovamia jengo la Congress. Hakuna jaji wala bunge la kuurudisha nyuma. Tarehe 1 Julai 2024 Mahakama ya Juu ilimpa Rais kinga ya kushtakiwa kwa makosa ya jinai katika matumizi ya mamlaka yake ya msingi, kinga ambayo huipati ukiisoma Katiba mstari kwa mstari. Hayo si ya kuazima, na yananitia hofu kuliko ushuru. Lakini mfalme aliyeshindwa mahakamani hatafuti kifungu kingine usiku huo huo. Trump alisitisha ushuru wa IEEPA na kuanza upya chini ya kifungu cha 122, chenye ukomo wa asilimia 15 na siku 150. Anahangaika na vifungu kwa sababu anavihitaji. Mwaka 1952 Rais Harry Truman alipotwaa viwanda vya chuma wakati wa vita vya Korea bila sheria yoyote mkononi, akitegemea mamlaka anayodai yamo ndani ya urais wenyewe, Mahakama ilimkatalia sita kwa tatu naye akavirudisha. Jaji Robert Jackson aliandika katika kesi hiyo kwamba Rais ana nguvu zaidi anapotenda kwa ruhusa ya Congress, na dhaifu kabisa anapotenda kinyume na matakwa yake. Wanasheria wa kila Rais aliyefuata wamekariri somo hilo: usiende mikono mitupu, nenda na sheria, hata kama ni ya kale.

Mahali hoja yangu inapobana ni kwenye fedha. Mwanzoni mwa 2025 misaada ya nje ilipositishwa na USAID kuvunjwa, kliniki za ARV kutoka Kisumu hadi Mbeya ziliingia kwenye sintofahamu kuhusu fedha ambazo Congress ilikuwa imeshazipitisha. Hapo Rais hakuazima kitu. Alikataa kutumia alichoagizwa kutumia. Sheria nyingine ya 1974, ya udhibiti wa bajeti, iliyotungwa baada ya Nixon kufanya mchezo huo huo, inamruhusu kuomba fedha zifutwe na kuzizuia kwa siku 45 wakati Congress ikiamua. Mwishoni mwa Agosti 2025 utawala wa Trump ulipeleka ombi la dola bilioni 4.9 wakati mwaka wa fedha, unaoisha Septemba 30, umebakiza takribani mwezi mmoja, ili siku zikihesabiwa fedha ziwe zimekufa. Mashirika yalishtaki, na Septemba 26 Mahakama ya Juu iliruhusu takribani bilioni 4 ziendelee kushikiliwa, ikiona kwamba huenda wenye haki ya kushtaki chini ya sheria hiyo si mashirika. Sheria inamtaja Mkaguzi Mkuu, ambaye ofisi yake ni mkono wa Congress. Tena tukarudi kwa yule yule: mwenye ufunguo yupo, na hakuugusa.

Kwetu jambo hili si la kutazama runinga tu. AGOA, mpango uliofungua soko la Marekani kwa nguo zinazoshonwa Athi River, ni sheria ya Congress ya mwaka 2000. Ndani yake Congress ilimwachia Rais kuamua nani anastahili kubaki. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipokubaliana mwaka 2016 kuachana na mitumba hatua kwa hatua, wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani walilalamika, uchunguzi ukafunguliwa, na mmoja mmoja tukarudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 Trump akaisimamishia unafuu wa nguo. Obama alikuwa ameshaitoa Burundi, na Biden akaja kuitoa Uganda kuanzia Januari 2024. Marais watatu, vyama viwili, kalamu moja iliyotoka Congress. Serikali zetu hupeleka mawaziri kupiga picha Ikulu ya Marekani, huku kamati ya kodi ya Baraza la Wawakilishi na ile ya fedha ya Seneti, zinazoandika vifungu hivyo, zikipata ziara chache na maandalizi hafifu. Balozi anayejua jina la mwenyekiti wa kamati ndogo ya biashara ana thamani kuliko anayejua jina la msaidizi wa Rais.

Siku 150 za ushuru mpya zinaisha mwishoni mwa Julai 2026, na kifungu cha 122 kinasema ni Congress pekee inayoweza kuziongeza. Novemba 3 wabunge wote wa Baraza la Wawakilishi na theluthi ya maseneta wanarudi kwa wapiga kura. Ni wachache watakaotaka kunyoosha mkono hadharani, miezi mitatu kabla ya uchaguzi, kuunga mkono kodi inayopandisha bei dukani, na wachache zaidi watakaotaka kumpinga Rais kwa jina. Jaji Brett Kavanaugh, katika maoni yake ya kupinga hukumu ya Februari, alikwishasema kwamba sheria nyingine za Congress zinaweza kumfikisha Rais karibu pale pale. Kifungu cha 232 kimeshabeba ushuru wa chuma, aluminiamu na magari, na Mahakama haikukigusa. Kifungu cha 301 kinahitaji uchunguzi wa nchi moja moja, ila hakina ukomo wa siku 150. Wakuu wa biashara wa Nairobi, Kigali na Dar es Salaam wana hadi Julai kujua nchi zao zinaweza kuchunguzwa kwa lipi, na kuandaa majibu yake.